Mto Ulioandikwa kwa R

Mto wetu haupo. Niliambiwa hivyo na mwanamume aliyevaa tai, akiwa amesimama kwenye majani ya ukingo, na maji yakinguruma nyuma yake hivi kwamba ilimbidi apandishe sauti ndipo tumsikie akisema haupo.

"Kisheria," akasema. "Kisheria mto huu haupo."

Nilikuwa na mtoto mgongoni na mtungi mkononi. Mtungi ulikuwa umejaa. Nikamuuliza kama na hayo maji yangu hayapo kisheria, na kama naweza kuyamwaga kwenye viatu vyake tuone vitalowa ama havitalowa. Vijana waliokuwa nyuma yake na nyundo wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mwanasheria wa tajiri wa mawe, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kutuonyesha ukurasa mmoja.

Wacha niseme mambo kwa mpangilio, kwa sababu nikiwa na hasira huwa naanzia mwisho, na hasira hii bado ninayo.

Mimi ni mzaliwa wa Bokoli. Nyuma ya boma letu kulikuwa na kijito ambacho nikiwa shule ya msingi kilinifika kiunoni. Nilipofika kidato cha nne nilikuwa nakiruka bila kuinua sketi. Hakuna aliyekiiba. Jirani mmoja alipanda mikaratusi mpaka mguuni pa maji kwa sababu miti hiyo inakua haraka na ina soko. Mwingine alilima hadi kwenye ukingo, ukingo ukaanguka, akalima tena pale ulipoangukia. Kila mtu alikuwa kwenye shamba lake na karatasi zake zilikuwa sawa. Kijito kikafa hivyo, na hakuna aliyefanya kosa. Nilikua nikijua kwamba mto unaweza kufa na kusiwe na mtu wa kushtaki.

Kwa hivyo nilipoolewa huku juu, ndani kidogo kutoka Kamukuywa, kitu cha kwanza nilichopenda hakikuwa nyumba. Nyumba ilikuwa na mlango usiofunga. Nilipenda mto. Unakuja taratibu katikati ya mahindi na miwa kama mtu asiye na habari, kisha unakutana na jabali jeusi, pana, linalong'aa. Pale unagawanyika mara mbili na kuanguka kwenye bwawa la kijani. Si maporomoko ya kuwekwa kwenye kalenda. Urefu wake ni kama wa nyumba ya kawaida. Lakini ukisimama chini yake kiangazi, wakati kila kitu kimekauka na mahindi yamekunja majani, unapata ubaridi usoni kama vile mtu amekufungulia mlango.

Asubuhi yangu ya kwanza pale niliamka nikidhani mvua inanyesha. Nikakimbia nje kuanua nguo za watu kwenye kamba. Jua lilikuwa limewaka. Mama mkwe akasimama mlangoni pa jikoni akicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ni mto, mama. Itakuzoea."

Habari za sheria zililetwa kanisani, baada ya sadaka, kati ya tangazo la harusi na tangazo la mbuzi aliyepotea. Ati kuna mswada wa kulinda mito ambayo bado iko kama ilivyoumbwa: haijazibwa, haijanyooshwa, haijachimbwa, na ina mandhari. Wananchi waende Kanduyi kutoa maoni. Mama mkwe akanigeukia kwenye benchi.

"Mandhari ni nini?"

"Uzuri wa mahali."

"Sheria ya kulinda uzuri?" Alisema kwa sauti, mhubiri akasikia. "Sasa uzuri unapikwa na nini?"

Nilienda. Nilimbeba mtoto, wakati huo akinyonya bado, na tukakaa kwenye ukumbi wa Kanduyi pamoja na watu ambao nusu yao walikuja kwa ajili ya soda. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, wawakilishi wadi wamekaa nyuma yake, na pembeni karani na kompyuta yake. Walitusomea mswada kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha haraka. Kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana, nikaipigia makofi peke yangu: mto uliotajwa kwenye jedwali utabaki kama ulivyo, na hakuna mtu ataruhusiwa kuchimba, kuhamisha mawe wala kubadili mkondo wake.

Mzee mmoja akasimama. "Waheshimiwa, sisi tumewaomba barabara. Nyinyi mnatuletea mandhari. Hiyo mandhari itapita wapi na matope haya?" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Hata mwenyekiti wa kamati akafuta macho.

Nikanyoosha mkono. Nilipopewa nafasi mtoto alikuwa ameshika ziwa, sikumtoa.

"Mnacheka uzuri," nikasema. "Sasa niwaulize. Mkiwaozesha watoto wenu, watu wa picha mnawapeleka wapi? Kwenye choo cha soko? Si mnawapeleka mtoni, pale maji yanaanguka? Mimi nimetoka kwa kijito ambacho leo bata hawezi kuogelea. Kilianza kuwa kibaya, halafu kikaisha. Hamkusikia kelele kwa sababu hakikupiga kelele. Mto wetu bado ni mzuri. Maana yake bado ni mzima. Andikeni kabla haujawa kama ule wa kwetu."

Kisha mzee yule yule akasema, "Huyu msichana anyonyeshe tu, lakini maneno amesema," na wakacheka tena, safari hii upande wangu.

Karani akaniuliza, "Jina la mto?"

Nikamwambia. Akaandika. Akasoma alichoandika kwa sauti, na watu wote waliotoka pande zetu wakasema ndio, huo huo.

Sasa hapa ndipo penye shida. Kwetu L na R ni ndugu wanaovaliana nguo. Mtu atakwambia anaenda kurima, na mwenzake atakwambia anaenda kulima, na wote wawili watakutana kwenye shamba moja na jembe. Jina la mto wetu lina herufi moja katikati. Kwenye ramani za zamani herufi hiyo ni L. Kwenye midomo yetu ni R. Shule ya msingi iliyo juu ya kilima, shule ya serikali kabisa, imeandikwa kwenye ubao wake kwa R. Fulana za kwaya zimeandikwa kwa L kwa sababu mshonaji alikuwa wa kutoka mbali. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupotea akienda mtoni kwa sababu hiyo.

Karani ni mtoto wa hapa. Aliandika alichosikia, na alisikia vizuri.

Mswada ukapita. Ulisomwa kwenye redio, orodha ya mito, na niliposikia wetu nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikamnyanyua mtoto na mikono yenye unga nikamzungusha. Nilidhani imeisha. Niseme ukweli, nilidhani sheria ni kama ukuta: ukishajengwa umesimama, hata wewe ukiwa umelala.

Msimu wa mvua ulipoisha, mashine ya kusaga mawe ikapanda kutoka barabara kuu ya Kitale, ikivutwa na trekta. Tajiri alikuwa amenunua kipande upande wa pili wa mto, pamoja na nusu ya jabali, kwa hatimiliki safi. Mji unajengwa, barabara zinajengwa, kila mtu anataka kokoto. Akaajiri vijana. Wa kwanza kuajiriwa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize shule, akipiga kadi na kuniambia chai haina majani.

Alirudi jioni ya kwanza na vumbi jeupe kwenye nyusi, akaketi kama mwanamume.

"Shemeji, usinitolee macho. Ni kazi."

"Unavunja mto wa mama yako."

"Navunja jiwe. Mto ni maji. Maji si yatapita?"

"Yatapita wapi, na nyinyi mnaangusha kifusi bwawani?"

"Wewe unapenda maji yakiimba," akasema, akivuta sahani. "Mimi napenda ugali ukiiva. Kwani tumekosana?"

Mama mkwe alimsogezea mboga. Alifurahi kumwona mtoto wake na kazi, na sikumlaumu kwa hilo. Mume wangu alikuwa kwenye mjengo Kitale, anarudi mwisho wa wiki; nilipompigia simu akasema, "Ongea na chifu." Ndiyo maana nilienda kwa chifu. Ndiyo maana chifu alikuja mtoni na nakala ya sheria. Na ndiyo maana tajiri alimleta mwanasheria wake, mwenye tai, na ukurasa wake.

"Someni wenyewe," akasema. "Jedwali la mito iliyohifadhiwa. Hapa kuna jina lenye R. Huo mto hauko kwenye ramani yoyote ya nchi hii. Hatimiliki ya mteja wangu inapakana na mto wenye L, na huo haujatajwa kwenye sheria."

"Lakini si ni mto huu mmoja?" chifu akauliza. Chifu mwenyewe alitamka kwa R.

"Mzee, mimi sikuandika sheria. Mimi nasoma."

Chifu akatazama ukurasa, akatazama mto, akavaa kofia yake. Shemeji akanyanyua nyundo.

Nilienda Bungoma, kwenye ofisi ile inayohusika. Karani alinikumbuka. "Mama wa kunyonyesha," akasema, akiwa na furaha ya kweli. Nilipomweleza, furaha ikamtoka. Alifungua faili, akasoma, akafunga.

"Ni kweli. Tumeandika R."

"Basi weka L. Kalamu ndiyo hiyo mkononi."

"Madam, haiwezekani. Imeshapita."

"Lakini unajua ni mto gani. Umezaliwa huku. Umeogelea pale ukiwa mdogo, usinidanganye."

"Mimi najua," akasema. "Sheria haijui."

Akaniambia inahitaji marekebisho, na marekebisho yanahitaji kikao kingine cha maoni ya wananchi, na kabla ya hapo inahitajika ramani ya kuonyesha jina halali, na ramani ya sehemu ile yetu, kwa sababu iko karibu na mpaka wa kaunti, inapatikana Kitale. Alisema yote haya kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha zaidi. Mtu akikufukuza unajua pa kwenda kulalamika.

Kitale nako. Afisa wa pale hakuwa wa kabila letu, na aliposikia shida yangu alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Akaita wenzake wawili kutoka chumba cha pili.

"Hebu rudia. Mnataka mto ufanywe nini?"

"Ulindwe," nikasema.

"Aa, umejitahidi! Wengine husema *urindwe*. Sasa sema: lori la rangi limelala."

"Mzee, nimekuja kutafuta ramani."

"Sema tu kidogo. Tucheke kidogo, kazi ni nyingi."

Mtoto alikuwa ameanza kulia. Nikasema, na sikujali imetoka vipi, "Lori la rangi limelala, na wewe umelala, na tajiri anasaga mawe wakati mmelala. Nipe ramani." Mmoja wao, mwanamke, akaingia ndani akatoka na fotokopi ikiwa bado moto. Hakuniangalia usoni. Nadhani alikuwa na aibu kwa niaba yao, au labda alikuwa anataka niondoke tu.

Mto wetu ulikuwa pale, mstari mwembamba wa buluu unaopinda, na jina lake lenye L. Nilipofika barabarani nikaukunja vizuri ndani ya kitambaa cha mtoto.

Nikasubiri kikao. Kila siku niliyokuwa nikisubiri, mashine ilikuwa ikisaga. Vumbi lilikaa kwenye majani ya sukuma, kwenye maziwa, kwenye nywele za mtoto. Bwawa lilianza kubadilika rangi. Wanawake tukaanza kwenda juu zaidi kuchota, pale ng'ombe wanaponywea. Niliwaandikisha jina moja moja kuja Kanduyi kunisaidia, na kila mmoja akasema ndio na macho yakasema hapana.

Mwaka huo ulikuwa wa tohara. Pale chini ya jabali, upande wa kushoto, kuna mahali penye tope jeusi, laini, na tangu zamani wavulana wa ukoo wa mume wangu hupelekwa pale alfajiri ya siku yenyewe, wanapakwa tope kuanzia kichwani, ndipo wanarudi nyumbani kutahiriwa. Sisi wanawake hatufiki. Najua mahali penyewe kwa sababu naoshea nguo karibu, siku za kawaida.

Siku moja mama mkwe alirudi kutoka huko akiwa na uso ambao sijawahi kuuona. Kifusi kilikuwa kimefunika ukingo ule. Akamngoja shemeji mlangoni.

"Wewe ulipakwa tope wapi?"

"Mama, nimechoka."

"Nimekuuliza wapi!"

"Si pale mtoni."

"Na watoto wa ndugu yako watapakwa nini? Kokoto?"

"Tope liko kila mahali, mama."

Alimpiga na kitambaa cha kichwa. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, akapigwa na kitambaa mbele ya mke wa ndugu yake, na akasimama akavumilia. Kisha mama mkwe akafunga kile kitambaa tena na kwenda boma kwa boma.

Haya. Mimi nilikuwa nimeongea juu ya maji kwa miezi. Nimesema watoto wataugua, nimesema bwawa litajaa, nimesema ukingo utaanguka, wanaume wakaniambia pole mama, tutaangalia. Neno tope lilipofika masikioni mwao walikusanyika kabla jua halijapanda. Walishuka mtoni kwa mstari, wamevaa makoti, wakiwa na fimbo. Hakuna mwanasheria aliyefungua ukurasa siku hiyo. Msimamizi wa tajiri alizima mashine mwenyewe. Vijana, pamoja na shemeji, wakaambiwa waondoe kifusi pale penye tope kwa mikono, na wakaondoa.

Nilisimama juu nikitazama na nikalia kwa furaha. Nilidhani sasa tumeshinda, hata bila L.

Jioni mjomba wa mume wangu akapita kunywa chai. Nikamuuliza, "Kwa hivyo wameondoka kabisa?"

"Wataanza tena baada ya tohara," akasema. "Tumeelewana vizuri. Hawatagusa ule upande wa tope. Upande ule mwingine ni wao, na ni watu waungwana, wametuahidi mawe ya kanisa."

"Na maji, mjomba?"

"Maji gani?"

Nilimwongezea chai kwa sababu nilikuwa nimeshika birika na sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Kama ningekuwa nimeshika kitu kingine ningesema mengine.

Tohara ikaja, ngoma zikalia, wavulana wakapakwa tope, wakawa wanaume. Mashine ikaanza tena wiki iliyofuata.

Kikao cha marekebisho kilikuja hatimaye, kwenye ukumbi ule ule. Safari hii hakukuwa na soda, kwa hivyo hakukuwa na watu. Nilikuja na mama mkwe, ambaye hakuwa na raha na yale makubaliano ya wanaume, na wanawake wawili tunaochota nao. Nilikuwa na ramani. Nilikuwa pia na picha ya ubao wa shule kwenye simu, nikaipitisha mezani.

"Hii ni shule ya serikali," nikasema. "Imeandikwa kwa R. Watoto wanafanya mtihani wa taifa pale. Kama mto wenye R haupo, hao watoto wanasoma wapi? Matokeo yao ni ya nani?"

Mwenyekiti akacheka. "Mama, usituingize kwa vita na wizara."

"Siwaingizi kokote. Nataka muandike zote mbili. Wenye L, ambao watu wetu wanauita kwa R. Ili asije mtu mwingine na tai."

Mwanasheria wa kamati akasema jina lazima liwe moja. Mama mkwe akasimama bila kuitwa. "Basi riwe rimoja," akasema, "rakini riwe hiro ra mto." Nilisikia mtu nyuma akikohoa kicheko. Nikageuka. Akaacha.

Wakakubali. L. Karani aliandika, akaigeuza kompyuta ili niione, akaniuliza, "Iko sawa?" Nilisoma herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa sawa. Ikabaki kusomwa, kusainiwa, na kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na hayo yalichukua mvua zote za vuli.

Siku sheria ilipoanza kufanya kazi, mashine iliondoka bila ubishi. Tajiri alikuwa amemaliza. Upande wake wa jabali haukuwepo. Palikuwa na ukuta mweupe wenye meno, na chini yake kifusi kilichojaza bwawa mpaka nusu. Mto hauanguki tena upande huo. Unateleza juu ya mawe yaliyovunjika, unatawanyika, unaingia kwenye bustani ya nduma ya jirani, unaozesha mizizi. Upande wetu bado unaanguka, mwembamba, kwenye maji yenye rangi ya chai.

Afisa akaja na ubao wa chuma, wenye jina la mto, rangi ikiwa mbichi. Alikuwa kijana mstaarabu, buti zimepigwa rangi. Wanawake tulikuwa pale na mabeseni na jembe, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana tukianza sisi wenyewe, taratibu, kifusi kitatoka na bwawa litarudi.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunatoa haya mawe."

"Haruhusiwi mtu." Akafungua kabrasha. Akasoma, na nilijua kila neno kabla halijatoka, kwa sababu ni sentensi niliyoipigia makofi peke yangu. "Mto utabaki kama ulivyo siku sheria hii inapoanza kutumika. Ni marufuku kuchimba, kuhamisha mawe..."

"Hayo mawe hayakuwa mtoni. Yameangushwa."

"Siku sheria ilipoanza yalikuwa mtoni."

"Kwa hivyo mnalinda kifusi?"

"Tunalinda mto kama ulivyo, madam. Mnaweza kuandika ombi. Watakuja wataalamu, watapima, wataandika ripoti, halafu mtapewa kibali."

Tajiri hakuhitaji kibali cha kubomoa kwa sababu herufi ilikosewa. Sisi tunahitaji kibali cha kutengeneza kwa sababu herufi imerekebishwa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo na mengine ambayo siyaandiki kwa sababu mama mkwe anaweza kusomewa hii. Akasema anaelewa. Wote wanaelewa, bana. Sijawahi kukutana na mtu kwenye jambo hili ambaye hakuelewa.

Alipousimika ubao wake na kuondoka na pikipiki, wanawake wawili walichukua mabeseni yao. Sheria ni sheria, wakasema, na wana watoto. Mimi pia nina mtoto. Nilimweka kwenye majani na kipande cha muwa, nikakunja sketi, nikaingia majini. Yalikuwa baridi na yalinifika magotini tu, mahali ambapo zamani miguu isingegusa chini. Nikashika jiwe moja. Lilikataa. Mama mkwe akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe la kufulia, akaingia na yeye, na tukasukuma pamoja. Likajiviringisha kidogo likarudi.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya ukingo. Tangu mashine iondoke hana kazi, na amekuwa akiniangalia kama mimi ndiye niliyemfukuza. Kwa njia fulani ni kweli. Alitutazama kwa muda, mtaimbo wake wa kazi ukiwa umelala karibu na mguu.

"Shemeji," akasema, "mnasukuma vibaya."

"Basi njoo usukume vizuri, ama unyamaze."

Akanyamaza. Tukashika jiwe tena, mama mkwe upande wa chini, mimi upande wa juu, na nikamwambia asubiri nihesabu.